Samaki wanatoka bwawani kila mvua: je, niweke wavu kwenye utoro wa maji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu ametuachia lambo la udongo hapa Mufindi, si mbali na Mafinga. Tuta lina urefu wa mita 60 na kimo cha mita 5, na maji yakijaa yanatandaa kama ekari mbili. Nataka pawe mahali pa watu kuja kuvua kwa ndoano mwisho wa wiki, walipe kiingilio, wapumzike. Shida ni kwamba kila msimu wa mvua samaki wanatoka kupitia utoro wa maji, yaani ule mtaro wa pembeni ya tuta unaotoa maji ya ziada bwawa likijaa. Msimu uliopita nilipanga viroba vya mchanga utoroni, kimo cha sentimita 30, ili maji yapande na samaki wabaki. Sasa nataka kuziba nafasi iliyobaki juu ya viroba kwa wavu wa kuku. Utoro una upana wa mita 4, na kutoka sakafu yake hadi mgongo wa tuta ni sentimita 80. Wavu utafaa? Pia kwenye kitako cha tuta, upande mkavu, pana sehemu haikauki hata Septemba. Ni hatari? Na nipande miti gani juu ya tuta wageni wapate kivuli?

JIBU: Marahaba. Nashukuru umepima kabla ya kuuliza, maana watu wengi huniandikia kwamba bwawa lao ni "kubwa kiasi" na hapo siwezi kusema lolote la maana. Vipimo vyako vinaniwezesha kukujibu kwa namba.

Wavu usiweke. Na viroba vitoe wiki hii, kabla hujanunua kifaranga hata kimoja cha samaki.

Tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri linaweza kuegemewa na maji miaka hamsini bila tatizo. Jambo lisiloliweza ni maji kupita juu ya mgongo wake. Yakishapita, hushuka kwa kasi upande mkavu, huanza kuchimba chini kwenye kitako, na shimo hilo hurudi nyuma likipanda kuelekea bwawani mpaka mgongo unakatika. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa saa chache, na kwa tuta dogo hata chini ya saa moja. Utoro wa maji ulichimbwa pembeni ili siku hiyo isifike. Kwa sehemu kubwa ya mwaka unaonekana kama mtaro mtupu usio na faida, na ndiyo maana wenye mabwawa huanza kuutumia kwa mambo mengine: kuegesha mtumbwi, kulima mboga, kupitisha njia, kuzuia samaki. Lakini upana na kina chake vilipimwa kwa ajili ya mvua ambayo huenda wewe hujaiona bado.

Tufanye hesabu. Hukuniambia bonde linalomwaga maji yake kwenye lambo lina ukubwa gani, kwa hiyo nachukua mfano wa ekari 250, yaani kilomita moja ya mraba. Inyeshe mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja, ardhi ikiwa tayari imelowa, na sehemu nne kati ya kumi za maji hayo zitiririke hadi bwawani. Hizo ni mita za ujazo 20,000 katika saa moja, wastani wa mita za ujazo tano na nusu kila sekunde. Utoro wako wa mita 4, maji yakiwa na kina cha sentimita 80 juu ya sakafu yake, hupitisha karibu mita za ujazo tano kwa sekunde. Angalia vizuri: sentimita 80 maana yake maji yameshafika mgongoni. Bwawa lenyewe litameza kiasi fulani likiwa linapanda, lakini ekari mbili zikipanda sentimita 80 zinahifadhi kama mita za ujazo 6,500 tu. Hata bila viroba, basi, lambo lako lina utoro mwembamba kwa mvua ya namna hiyo.

Sasa weka viroba vyako. Kina kilichobaki ni sentimita 50. Maji yanayopita yanashuka hadi mita za ujazo mbili na nusu hivi kwa sekunde, nusu ya uwezo wa awali. Watu wengi hudhani ukipunguza kina kwa kiasi fulani, maji nayo yanapungua kwa kiasi kilekile. Sivyo. Kina kikipungua, kasi ya maji nayo inapungua, hivyo hasara inazidi kile ulichokipunguza. Halafu juu ya viroba unataka wavu wa kuku. Kwenu kuna mashamba ya paini, kuna mabua ya mahindi, kuna matawi yanayoanguka. Mvua kubwa ya kwanza italeta vyote hivyo utoroni kwa pamoja, na wavu wenye matundu ya sentimita mbili utakuwa ukuta ndani ya dakika chache. Nani atakwenda kuusafisha saa nane usiku, radi zikipiga, maji yakiwa kiunoni?

Swali lako liliwahi kujibiwa na historia, na jibu lilikuwa baya sana. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na bwawa la udongo lililoitwa South Fork, kimo chake kama mita 22. Lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa usafirishaji, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850, kisha mfereji ukapitwa na wakati kwa sababu ya reli. Mmiliki mmoja wa katikati aling'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji yaliyokuwa chini ya tuta, akayauza kama vyuma chakavu. Mwaka 1879 likanunuliwa kwa ajili ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh; Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Wakaziba sehemu iliyokuwa imebomoka zamani kwa udongo, mawe, matawi, hata nyasi kavu na samadi. Wakashusha mgongo wa tuta ili upate upana wa magari ya farasi kupishana. Wakapandikiza samaki. Na ili samaki hao wasitoke, wakaweka vyuma vya kuwazuia kwenye utoro wa maji.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku kucha, bwawa lilipanda kwa kasi. Takataka ziliziba vyuma vile. Watu walijaribu kuviondoa, wakajaribu kuchimba utoro wa pili upande wa pili, wakajaribu kuinua mgongo kwa majembe. Mabomba ya kushusha maji hayakuwepo. Alasiri tuta likakatika, na maji yakashuka bondeni hadi mji wa Johnstown, kama kilomita 23 chini. Walikufa zaidi ya watu 2,200. Vyuma vya samaki peke yake havikuua mji ule; mgongo ulioshushwa na mabomba yaliyong'olewa vilichangia sana. Lakini kila kosa kati ya hayo lilifanywa na watu waliotaka mahali pazuri pa kuvua na kupumzika, na hakuna aliyedhani anafanya jambo la hatari.

Kwetu Afrika Mashariki nasi tunalo la kukumbuka. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba binafsi lilibomoka katika msimu wa mvua nyingi na kuua karibu watu 50 waliokuwa majumbani mwao. Mabwawa ya mashambani ni mengi, hayana mlinzi wala mhandisi, na chini yake huwa kuna watu.

Basi samaki tuwazuieje? Dawa kubwa ni kupanua utoro. Ukiufikisha mita 10, maji ya kina cha sentimita 50 yatapita mita za ujazo sita kwa sekunde, na bado utakuwa na sentimita 30 za akiba kwa ajili ya mawimbi. Panua kuelekea upande wa mlima, kwenye ardhi ya asili, kamwe usichimbe kuelekea tuta. Sakafu iwe sawa kabisa kwa levo, ioteshwe ukoka, na mwisho wake upeleke maji mbali na kitako cha tuta. Utashangaa kuona kwamba kupanua huku kunasaidia pia samaki wasitoke. Mvua ya kawaida ikipita kwenye mita 10 inakuwa utando wa sentimita chache tu, na samaki mwenye ukubwa wa kuvuliwa hapiti kirahisi humo. Katika utoro mwembamba maji yaleyale yanakuwa na kina na mvuto, nao wanafuata.

La pili, kama mkondo wenu unaleta maji mwaka mzima, weka bomba la maji ya kila siku pembeni mwa utoro, kwenye ardhi ya asili, mdomo wake ukiwa chini kidogo ya sakafu ya utoro. Hilo ndilo liwekewe chujio, kwa sababu likiziba utoro bado uko wazi. Hivyo utoro utabaki mkavu siku nyingi na utafanya kazi ya mafuriko peke yake.

Ukiona hayo hayatoshi, jenga uzio wa fito za mianzi ndani ya bwawa, uwe nusu duara, angalau mita 10 mbele ya utoro na urefu wa mita 40 au zaidi. Acha nafasi ya sentimita tatu kati ya fito na fito. Vichwa vya fito visizidi sentimita 15 juu ya sakafu ya utoro, ili mafuriko yakija yapite juu yake pamoja na takataka zake. Kwa urefu huo, hata uzio ukiziba nusu, nafasi ya maji bado ni kubwa kuliko utoro wenyewe. Samaki wachache watatoka hata hivyo. Wakubali. Vifaranga vinanunuliwa kila mwaka kwa fedha ndogo kuliko siku moja ya mtambo wa kijiko wa kujenga upya tuta.

Sasa ile sehemu isiyokauka. Hapa nakuomba usome polepole, kwa kuwa hofu ya wengi iko mahali pasipo na hatari, na utulivu wao uko mahali penye hatari.

Kila tuta la udongo linapitisha maji kidogo. Unyevu kwenye kitako, nyasi za kijani katikati ya kiangazi, hata kijito chembamba cha maji maangavu, vinaweza kudumu vizazi viwili bila madhara. Cha kuogopa ni maji yanayobeba udongo. Yakianza kutoka na punje, maana yake yanakula tuta kwa ndani, kutoka upande mkavu kurudi nyuma kuelekea bwawani, na njia ikishafika kwenye maji hupanuka ghafla. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilibomoka kwa namna hiyo tarehe 5 Juni 1976, nalo lilikuwa jipya, limesanifiwa na wahandisi wakubwa. Asubuhi watu waliona maji ya tope yakitoka pembeni. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Kwa hiyo usiulize tu "panavuja?" Uliza "yanayotoka yana rangi gani, na yanaongezeka?"

Fanya hivi. Chimba mfereji mdogo, kina kisizidi kiganja, mita mbili tatu chini ya sehemu yenye unyevu, usichimbe kwenye tuta lenyewe. Kusanya maji yapite kwenye kipande cha bomba, weka chini yake ndoo ya lita 20, na upime kwa simu yako inachukua dakika ngapi kujaa. Siku hiyohiyo soma kimo cha maji bwawani kwenye mti uliouchora vipimo na kuusimika majini. Andika vyote kwenye daftari kila wiki, siku ileile. Maji yakiongezeka kwa sababu bwawa limepanda, ni kawaida. Yakiongezeka bwawa likiwa pale pale, kuna kitu kinafunguka ndani. Na kila mara chota maji kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie usiku mmoja, utazame chini asubuhi kama kuna tope.

Ukiona tope, anza kushusha maji ya bwawa siku hiyohiyo, na mpigie mwenyekiti wa kitongoji cha chini kabla hata ya kunipigia mimi. Pale maji yanapotokea, mwaga mchanga mkubwa uliooshwa, juu yake kokoto, juu yake mawe, kila tabaka kama sentimita 30. Mpangilio huo unaruhusu maji yatoke lakini unashikilia udongo. Kosa linalofanywa karibu kila mahali ni kuziba tundu kwa mfinyanzi, saruji au nailoni. Maji yaliyozibiwa mlango hayarudi bwawani. Yanajaa ndani ya tuta, shinikizo linapanda, na yanatafuta pengine pa kutokea, mara nyingi pabaya zaidi. Mfinyanzi una kazi yake, ila ni upande wa maji, pale ambapo unaona maji yanazunguka na kuzama.

Kagua kwa makini zaidi pale ambapo bomba la zamani linapita chini ya tuta, kama lipo. Udongo ulio chini ya tumbo la bomba ni mgumu kushindiliwa, na maji hupenda kufuata ukuta wa bomba toka mwanzo hadi mwisho. Kama unyevu wako uko karibu na mdomo wa bomba hilo, niambie mara moja, maana jibu langu litabadilika.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Je, una njia ya kushusha maji? Malambo mengi ya zamani yana koki iliyoshikwa na kutu na hakuna anayekumbuka ilifunguliwa lini. Usiilazimishe kwa nyundo bwawa likiwa limejaa, kwa kuwa ikivunjika ikiwa wazi huna pa kuizuia. Njia nafuu ni bomba la plastiki la milimita 110 linalopanda juu ya mgongo na kushuka upande wa pili, likijazwa maji kwanza ili livute lenyewe. Kwa mwinuko wa Mafinga, unaokaribia mita 1,900, hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo usitegemee livute vizuri maji yaliyoshuka zaidi ya mita tano kutoka mgongoni. Kwa lambo lako linatosha. Mdomo wa kutokea upeleke mbali, usimwage kwenye kitako. Kwa mvua ya ghafla bomba hili halikusaidii, ni jembamba mno. Lakini kwa kushusha maji mita moja kabla ya Novemba, au kwa siku ya tope, ni la thamani kubwa.

Kuhusu miti ya kivuli: juu ya tuta usipande hata mmoja. Si mkaratusi, si mwembe, si mianzi ya ulanzi. Mizizi hufungua njia za maji, na mti ukifa au kukatwa mizizi yake inaoza na kuacha mirija mitupu ndani ya tuta. Upepo ukiuangusha, unang'oa na bonge la tuta. Kama tayari ipo midogo, ya unene wa mkono, kata sasa na uwe unakata kila mwaka. Ile mikubwa usiikate kabla hujashauriana na mhandisi, kwa sababu kisiki chake hung'olewa maji yakiwa chini, na shimo lake hujazwa udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Kwa tuta, kifaacho ni nyasi fupi, ukoka hasa, ili uweze kuona ufa, shimo la fuko au sehemu iliyotitia. Tuta lenye kichaka halikaguliki. Kivuli kipande kingo za pembeni, mita 10 na zaidi kutoka mwisho wa tuta, au jenga vibanda vya makuti au nyasi.

Wavuvi wa burudani wana tabia moja inayoniudhi katika kila bwawa la namna hii: wanachimba minyoo ya chambo. Na minyoo iko wapi kiangazi? Kwenye kitako cha tuta, pale penye unyevu, yaani pale pale unapotaka pasiguswe. Kufikia mwisho wa msimu utakuta mashimo yamejaa kama vile kuna nguruwe waliolala hapo. Usitegemee bango. Tengeneza shimo la mboji karibu na lango, ufuge minyoo, uwauzie wageni kwa kopo. Utapata fedha kidogo na tuta litapona. Vilevile chagua njia moja ya kupita mgongoni na uiwekee changarawe, maana nyayo za watu wengi huchimba kijia, na kijia ni mahali pa kwanza maji yatakapopita siku yakipanda. Magari na bodaboda yasipande kabisa. Ng'ombe nao wanyweshwe chini, kwenye hori, si kwa kukanyaga upande wa maji.

Samaki nitawasema kwa ufupi. Mufindi ni baridi, hasa Juni hadi Agosti. Perege na sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 wanadumaa, kwa hiyo usiwaahidi wageni samaki wa kilo mwaka wa kwanza. Chagua perege wa asili wa bonde lenu la Rufiji, usilete sato. Sato si wa bonde hilo, anapandana na perege wa asili na kuharibu kizazi chao, na wewe mwenyewe umeshaniambia kwamba samaki wako wanatoka. Kila kinachotoka kwako kinaingia mtoni. Afisa uvuvi wa wilaya atakuelekeza pa kupata vifaranga. Vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji, kama Ruhila huko Songea na Kingolwira huko Morogoro, vipo kwa kazi hiyo.

Perege akiachwa peke yake huzaana mpaka bwawa linajaa vidagaa visivyokua. Mtafiti Homer Swingle wa Auburn, Alabama, alionyesha kuanzia miaka ya 1930 kwamba bwawa dogo la kuvua linahitaji uwiano kati ya samaki mlaji na samaki anayeliwa. Kwako mlaji ni kambare. Waweke baada ya perege kuzaa mara ya kwanza, kambare mmoja kwa perege kumi, na mwanzoni kambare wawe wadogo kuliko perege wazazi. Kisha kanuni ya mgeni iwe hii: perege chukua hata wadogo, kambare mrudishe majini. Wenye mabwawa hufanya kinyume, wanawakataza watu kuchukua wadogo, halafu wanashangaa kwa nini hakuna wakubwa.

Na sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, bwawa lako liko chini ya uangalizi wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Kibali cha babu, kama kilikuwepo, kilihusu matumizi yake. Wewe unabadilisha matumizi na unataka kugusa utoro, kwa hiyo nenda ukiwa na vipimo vyako. Waombe mhandisi wao aje alione tuta, usiogope kwamba watakufungia. Ukipanga banda la nyama choma na vyoo, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mto, ziwa au bwawa ndani ya mita 60. Vyoo hasa viweke mbali, upande ambao mteremko hauelekei majini. Karibu na utoro weka kamba na boya la kuokolea, na mitumbwi isikaribie hapo kabisa kipindi cha mvua.

Kabla ya kazi yoyote ya fedha, tembea kwa miguu kutoka kitako cha tuta kufuata mkondo, kilomita tatu au nne. Andika kila nyumba iliyo karibu na mkondo, kila kivuko, kila njia ya wanafunzi. Chukua namba ya simu ya mtu mmoja katika kila kundi la nyumba na uwape yako. Waeleze kwamba usiku wowote ukiwapigia, wapande juu bila kuuliza. Msimu wa mvua mtu wako mmoja awe analala karibu na bwawa akiwa na tochi, na awe na namba hizo.

Ukishatoa viroba, nitumie vitu vitatu: ukubwa wa bonde (Bodi ya Bonde watakusaidia kuusoma kwenye ramani), picha ya sehemu yenye unyevu ikionyesha iko umbali gani na bomba, na daftari la wiki nne la ile ndoo. Hapo nitakuambia kama tabaka la mchanga na kokoto linatosha kitakoni, au tuta lifunguliwe na kutiwa mfinyanzi upya kiangazi kijacho.